Mabadiliko Yanayokuja Katika Eneokazi Jepesi la Linux

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Jambo ninalotaka kulieleza lahusu mashine 14 zilizomo katika chumba chetu cha kompyuta. Lamhusu kila mwanafunzi wa shule hii, hata yule asiyelisoma somo hilo, kwa kuwa mitihani yetu ya majaribio huchapwa humo, na ripoti zinazopelekwa kwa wazazi mwisho wa muhula hutoka humo humo. Wazazi nao lawahusu, maana ikisemwa kwamba mashine zote hazifai tena, mchango wa kununulia nyingine hautatoka mbali.

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 kwa utaratibu wake wa kawaida. Mashine zenye Windows 10 hazikuzimika siku ile. Ziliendelea kuwaka kama jana na juzi, na ndiyo sababu watu wengi hawakuwa na habari. Lakini programu ya kompyuta ni kama bati la paa: matundu huonekana mwaka hata mwaka, na kama hakuna fundi wa kuyaziba, siku ya mvua mtajua. Windows 11 iliyoifuata ina masharti yake. Yataka kumbukumbu isiyopungua GB 4, diski isiyopungua GB 64, kipande cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha yao. Mashine zetu zilikuja hapa zikiwa zimekwisha kutumika kwingine. Kumi na mbili zilikuwa na kumbukumbu ya GB 2, mbili tu zilikuwa na GB 4, na hata hizo mbili prosesa zake ni za zamani mno kuingia katika orodha ile.

Kwa hiyo mwalimu wetu wa somo hili amekwisha kuweka Linux katika mashine tisa, pamoja na eneokazi jepesi liitwalo Xfce. Akatuagiza sisi wanne wa Kidato cha Nne tumsaidie kuchunguza zile tano zilizobaki, na kumwandikia maoni yetu. Katika kuchunguza tukakuta kwamba eneokazi lenyewe, hilo hilo tunalolitegemea, liko katika safari ya kubadilika kuliko ilivyopata kuwa kwa miaka mingi. Swali letu likawa: je, mabadiliko hayo yatazibeba mashine zetu, au yataziacha stesheni?

Kwanza yafaa tuelewane juu ya maneno. Linux ni kiini cha mfumo wa kompyuta kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki katika nchi ya Finland, mwenye umri wa miaka 21. Kiini hicho huamrisha prosesa, diski, kibodi na vifaa vyote vingine, lakini chenyewe hakina uso. Ukikiwasha peke yake utaona kioo cheusi na maandishi. Madirisha, utepe wenye saa na orodha ya programu, picha ndogo za mafaili, mshale unaofuata kipanya, vyote hivyo ni kazi ya kundi jingine la programu, na kundi hilo ndilo tunaloliita eneokazi. Mtu wa Windows hupewa eneokazi moja tu wala haulizwi. Mtu wa Linux huchagua. Yako makubwa na mazuri sana kwa sura, kama GNOME na KDE Plasma, na yako mepesi, kama Xfce, LXQt na MATE.

Wepesi huo si wa kilo. Fikirini meza ya darasani wakati wa kujisomea usiku. Meza ndiyo kumbukumbu ya kompyuta, ile mafundi waiitayo RAM. Kama meza ni kubwa, waweza kuitandika kitambaa, ukaweka na chombo cha maua, na bado daftari na kitabu vikapata mahali. Lakini kama meza ni ndogo, na umekwisha kuipamba, daftari utaliweka mapajani. Eneokazi zito ndilo lile pambo. Mashine yenye GB 2 ikitumia zaidi ya nusu kwa kujipamba, itabaki na nini cha kufanyia kazi? Eneokazi jepesi hutandika kitambaa chembamba tu, halafu hukaa pembeni.

Xfce ilianzishwa mwaka 1996 na Mfaransa mmoja, Olivier Fourdan. Si mali ya kampuni. Wanaoitengeneza ni watu wa nchi mbalimbali, wengi wao wakiifanya kazi hiyo baada ya saa za kazi zao za kila siku. Nembo yake ni panya, na kwa kweli yafanana naye, maana hula kidogo na hupita penye tundu dogo. Imegawanyika katika vipande vinavyojitegemea: kuna msimamizi wa madirisha aitwaye xfwm4, kuna mtunza mafaili aitwaye Thunar, kuna utepe, kuna kisanduku cha marekebisho, na vinginevyo. Mwendo wake ni wa taratibu. Toleo la 4.12 lilitoka Februari 2015, na lililofuata, 4.14, halikutoka mpaka Agosti 2019. Baadaye wakapata desturi nzuri zaidi: 4.16 Desemba 2020, 4.18 Desemba 2022, na 4.20 tarehe 15 Desemba 2024. Wako wanaowacheka kwa kukawia. Mimi siwacheki. Mwalimu akikufundisha leo mahali kilipo kitufe, mwaka kesho utakikuta pale pale, na kwa shule ambayo kila Januari hupokea watoto wengine wasiopata kugusa kipanya, hiyo ni faida isiyo ndogo.

Basi mabadiliko yanayokuja ni yapi? Yako madogo madogo ambayo nitayapita, kama vile ya sura za ikoni na vioo vyenye nukta nyingi, ambavyo sisi hatuna. Kubwa ni moja, nalo liko chini ya eneokazi, mahali pasipoonekana: ni namna picha inavyotoka katika programu mpaka ikafika kiooni.

Kwa muda wa miaka mingi kazi hiyo imefanywa na mfumo uitwao X. Ulianza mwaka 1984 katika chuo cha MIT huko Marekani, na toleo lake la 11, ambalo ndilo linalotumika hata sasa, lilitoka Septemba 1987. Wazazi wengi wa wanafunzi wa shule hii walikuwa bado hawajaanza darasa la kwanza. Siku zile kompyuta kubwa moja ilikuwa ikiwahudumia watu wengi waliokaa mbali, kila mmoja na kioo chake, na X ilitengenezwa kwa hali hiyo. Ilikuwa kazi ya akili sana, la sivyo isingeishi hivi. Lakini dunia imebadilika, na kompyuta imekuja kukaa mezani pamoja na mtumiaji wake.

Tazameni jinsi kazi inavyokwenda. Programu ikitaka kuchora dirisha, humpelekea X habari. Siku hizi kuna mtumishi mwingine, nitamwita mpangaji wa picha, ambaye huyachukua madirisha yote na kuyapanga moja juu ya jingine yakawa picha moja. Basi X humpa mpangaji habari, mpangaji huipanga picha, kisha huirudisha kwa X, na X ndiye huipeleka kiooni. Ni sawa na ofisi ambayo barua huandikwa kwa karani wa kwanza, hupelekwa kwa karani wa pili, hurudi kwa wa kwanza ili igongwe muhuri, ndipo hutoka. Barua hufika, lakini mara nyingine hufika imekunjamana. Katika mashine zetu mbili, tukitazama filamu ya somo la Baiolojia, picha hukatika kwa upana, nusu ya juu ikawa haioani na nusu ya chini, kama shati lililofungwa vifungo visivyo vyake. Sababu mojawapo ya kukatika huko ni mzunguko huo.

Lipo na jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Katika X, programu zote zilizofunguliwa huaminiana kama ndugu wa nyumba moja. Programu yoyote yaweza kusikiliza herufi zinazobonyezwa katika programu nyingine, hata neno la siri, na yaweza kupiga picha kioo chote bila kuomba ruhusa. Mwaka 1987 jambo hilo halikumsumbua mtu. Leo, flashi moja huzunguka bweni zima kabla ya kuingia katika mashine ya ofisi. Linasumbua.

Mwaka 2008 mtengenezaji mmoja, Kristian Høgsberg, alianza mfumo mwingine unaoitwa Wayland. Wazo lake ni rahisi kulieleza: karani wa kwanza aondolewe. Mpangaji wa picha awe ndiye mwenye kuzungumza na programu, ndiye mwenye kupokea habari za kipanya na kibodi, na ndiye mwenye kupeleka picha kiooni. Tena kila programu ione dirisha lake tu, na ikitaka kuona la mwenzake iombe. Wazo lilikuwa rahisi, lakini kulitenda kumechukua miaka mingi, kwa sababu kila kitu kilichojengwa juu ya X hakina budi kutazamwa upya.

Sisi wa Gulwe hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa jambo hili. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, ikapita hapa na kufika Dodoma 1910, kisha Kigoma 1914. Upana wake ni milimita 1,000. Reli ya SGR, ambayo ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, ina upana wa milimita 1,435. Behewa la reli ya kwanza haliwezi kupanda reli ya pili, hata likisukumwa na shule nzima, ijapokuwa zote mbili zaelekea upande mmoja. Mzigo wa behewa hilo hauna budi kushushwa na kupakiwa upya. Katika Wayland yuko mpakuzi wa namna hiyo, jina lake Xwayland, ambaye huzichukua programu zilizotengenezwa kwa X na kuzipakia katika mfumo mpya bila mtumiaji kujua. Tena reli ya mita haikung'olewa siku ile SGR ilipofunguliwa, ijapokuwa kipande cha kutoka Kilosa mpaka hapa kwetu kimekwisha kusombwa na maji mara nyingi, na mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 ni ushahidi.

Nirudi kwenye Xfce. Katika toleo la 4.20 watengenezaji waliandika upya sehemu nyingi ili vipande karibu vyote viweze kufanya kazi katika X na katika Wayland pia. Walitengeneza maktaba ya programu iitwayo libxfce4windowing, ambayo kazi yake ni kuwa mkalimani: utepe huuliza, "Ni madirisha gani yaliyofunguliwa?" na mkalimani huuliza kwa lugha ya X au ya Wayland kwa kadiri mashine ilivyo. Lakini kipande kimoja kilikosekana, nacho ndicho cha maana kuliko vyote. Xfce haikuwa na mpangaji wa picha wake mwenyewe wa Wayland. Mtu aliyetaka kujaribu ilimpasa kuazima wa watu wengine, kama Labwc au Wayfire, na wenyewe walisema waziwazi kwamba hayo ni majaribio. Njia ya X haikuguswa.

Ndipo Januari 2026 walipotoa tangazo. Walikuwa wamejaribu kumfundisha xfwm4, yule msimamizi wa zamani, aijue Wayland pamoja na X, wakaona kwamba kumbadilisha kwaweza kuwaharibia watu wanaomtegemea katika X. Wakaamua kuandika mpya, jina lake xfwl4, kwa lugha ya programu iitwayo Rust, ambayo huzuia makosa mengi ya matumizi ya kumbukumbu tangu programu inapotengenezwa. Sehemu kubwa ya fedha walizochangiwa na watumiaji ilitengwa ili mwenzao wa siku nyingi, Brian Tarricone, alipwe kwa kazi hiyo. Na nia waliyoitangaza ndiyo iliyonifurahisha kuliko yote: mpya afanane na wa zamani kwa tabia kadiri inavyowezekana, asome marekebisho yale yale, na atumie visanduku vile vile vya marekebisho. Yaani mtoto wa Kidato cha Kwanza aliyefundishwa kwa X asijue kwamba amehamishwa.

Hapa nataka kusema neno juu ya Kiswahili, kwa kuwa visanduku hivyo vina maneno ndani yake. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na kampuni ya Uswidi iitwayo IT+46, kiliendesha mpango ulioitwa Kilinux. Walikusanya istilahi za kompyuta kwa Kiswahili, kisha wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili ambayo mtu aliweza kuichukua bila malipo. Ilikuwa kazi ya heshima, na ilifanyika hapa nchini. Lakini tafsiri ya programu si kama tafsiri ya kitabu, ambacho kikisha kupigwa chapa kimekwisha. Programu hutoa toleo jipya, sentensi mpya huingia, za zamani hubadilika, na kama hakuna mtu wa kuzifuata, Kiswahili hubaki nyuma na Kiingereza hurudi menyuni kidogo kidogo. OpenOffice yenyewe ilipata mageuzi makubwa, na mwaka 2010 watengenezaji wengi waliiacha wakaanza LibreOffice. Kwa sababu hiyo naona kwamba eneokazi linaloshika visanduku vyake vile vile lawapunguzia kazi wafasiri pia. Xfce hutafsiriwa na watu wa kujitolea kwa njia ya intaneti, sentensi moja moja, na haihitajiki digrii ili kuanza. Mwenye Kiswahili kizuri na subira aweza.

Wenzake Xfce nao hawakulala. LXQt, ambalo ndilo jepesi la pili kwa sifa, katika toleo la 2.1 la Novemba 2024 liliruhusu mtumiaji achague mwenyewe mpangaji wa picha wa Wayland. Makubwa yamekwenda mbio zaidi: GNOME katika toleo la 49 la Septemba 2025 iliufunga mlango wa X isipokuwa kwa atakayeufungua kwa makusudi, na KDE ilitangaza Novemba 2025 kwamba toleo la Plasma 6.8 litakuwa la Wayland peke yake. Wenye mashine kubwa wana haki ya kukimbia.

Sasa swali letu. Je, Wayland itakuwa nzito kwa mashine ya GB 2? Jibu zuri nililoliona latoka katika kompyuta ndogo za Raspberry Pi za Uingereza, ambazo ni ndogo kama kitabu cha kumbukumbu na bei yake si kubwa. Oktoba 2023 mfumo wao uliingia Wayland kwa kutumia Wayfire. Lakini ulifanya hivyo kwa namba 4 na namba 5 tu, kwa sababu kwa zile za nyuma Wayfire alikuwa mzito, zikaachwa katika X. Oktoba 2024 wakambadilisha, wakamweka Labwc, na mara hiyo namba zote zikahamishwa, za zamani pamoja na mpya. Wayland ilikuwa ile ile; kilichobadilika ni mpangaji. Basi mtu akisema kwa jumla kwamba "Wayland ni nzito" au "Wayland ni nyepesi", muulizeni ni mpangaji gani. Kwa upande wa xfwl4, uzito wake utajulikana atakapopimwa juu ya mashine kama hizi, si kwa kusoma tangazo.

Iko hasara moja ambayo lazima itajwe. Mwalimu anayo programu ya kutazama vioo vyetu vyote akiwa mezani pake, na programu ya namna hiyo hutegemea uwazi ule ule wa X niliousema kuwa ni hatari. Katika Wayland haitafanya kazi mpaka itengenezwe upya kwa njia ya kuomba ruhusa. Wenzangu wanaopenda kukaa mstari wa nyuma wamekwisha kuipongeza Wayland kwa sababu hiyo.

Lakini baada ya wiki tatu za kuchunguza, sisi wanne tumeona kwamba kitakachoziua mashine zetu si eneokazi. Ni vitu viwili vingine. Cha kwanza ni kivinjari. Fanyeni jaribio hili. Fungueni kisanduku cha amri, mwandike

free -h

kisha mtazame mstari wa kumbukumbu: jumla, iliyotumika, iliyobaki. Katika mashine namba 6, mara baada ya kuingia, Xfce pamoja na Linux yote vilitumia chini ya nusu ya GB 2. Tulipofungua kivinjari na kurasa tatu tu, nusu iliyobaki ikaliwa, na mashine ikaanza kuazima nafasi katika diski. Diski ni ya polepole sana ikilinganishwa na kumbukumbu. Ndipo mshale wa kipanya huganda, na mwanafunzi hubonyeza mara kumi, na kila mbonyezo huongeza foleni. Hakuna eneokazi litakaloondoa shida hiyo, kwa kuwa kurasa za intaneti siku hizi zenyewe ni nzito.

Cha pili ni biti 32. Prosesa za zamani huhesabu kwa biti 32, za baadaye kwa 64. Debian, ambao ni mfumo tunaoutumia, ulitoa toleo la 13 tarehe 9 Agosti 2025, na katika toleo hilo hakuna tena kisakinishi wala kiini cha Linux kwa kompyuta za kawaida za biti 32. Toleo la 12 lilikuwa navyo. Zile mashine tano zilizobaki zilikuwa zimeandikwa katika daftari la vifaa kwamba ni za biti 32, na kwa ajili hiyo zilikuwa zimewekwa upande wa ukutani, zikingoja kutolewa. Hata hivyo, mtu aliyeandika daftari alitazama Windows iliyokuwamo, wala hakutazama prosesa. Prosesa ya biti 64 hukubali kubeba mfumo wa biti 32 bila kulalamika, kama lori kubwa linavyokubali gunia moja. Tukachomeka flashi yenye Debian 13 ya biti 64, tukaiwasha kila mashine kutoka humo. Iliyoikubali, tuliiandikia

lscpu

na katika mstari wa kwanza ikajibu x86_64. Nne kati ya tano zilijibu hivyo. Moja tu, namba 11, ilikataa, ikatuandikia kwamba prosesa yake haiwezi.

Mtu akitaka kujua kama mashine yake iko katika X au Wayland, aandike

echo $XDG_SESSION_TYPE

nayo itamjibu x11 au wayland. Zetu zote zajibu x11, na maoni tuliyompa mwalimu ni kwamba ziendelee kujibu hivyo kwa sasa. Hatuna sababu ya kumwazima Labwc ilhali wenyewe wameahidi wa kwao, na X ya Debian 13 yenye Xfce 4.20 hutunzwa bado. Xfwl4 akitoka, ajaribiwe kwanza katika mashine moja tu, namba 3, ambayo ni mojawapo ya zile mbili za GB 4 na ambayo filamu hukatika. Ikiacha kukatika, na free -h isionyeshe kwamba kumbukumbu imeliwa kuliko mwanzo, ndipo namba 6 ifuate. Mashine nne tulizozitoa ukutani ziwekewe Debian 13 muhula huu huu. Namba 11 ibaki na toleo la 12, isiunganishwe na intaneti, iwe ya kujifunzia kuandika kwa vidole kumi, kazi ambayo haihitaji kitu kingine isipokuwa kibodi nzima.

Kuhusu kumbukumbu, tuligundua katika stoo kompyuta mbili zilizokufa, ambazo hazikuhesabiwa katika zile 14. Vipande vyake vya kumbukumbu vilikuwa vizima. Viwili vilikuwa vya aina ya DDR3 kama vya mashine zetu, vikaingia katika namba 6 na namba 9 bila shida, na sasa kila moja ina GB 4. Aina lazima iwe ile ile. Kipande cha DDR2 kina mwanya wake mahali pengine wala hakiingii, na asijaribu mtu kukisukuma kwa nguvu. Mzazi mwenye kompyuta iliyokufa nyumbani au ofisini, kabla hajaiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, tafadhali atupigie simu shuleni. Hatutaki mashine nzima. Twataka vipande viwili virefu kama kidole cha shahada mara mbili, vyenye dhahabu upande mmoja.

Sisi wa Kidato cha Nne tutafanya mtihani wetu Novemba na kuondoka, na yawezekana xfwl4 atafika katika Debian tukiwa tumekwisha kutawanyika. Vipimo vyote vya mashine 14, kabla na baada ya kuongeza kumbukumbu, vimeandikwa katika daftari la jalada la buluu lililo katika droo ya meza ya mwalimu wa somo, na ukurasa wa mashine namba 3 una nafasi wazi upande wa kulia. Kidato cha Tatu, nafasi hiyo ni yenu. Andikeni tarehe, toleo, na kumbukumbu iliyotumika kabla ya kufungua kivinjari.